Mtoto anahamia Ujerumani na hajui Kijerumani: mwongozo kamili wa shule

Viza ikishatoka, swali la kwanza la wazazi wengi huwa hili: "Hapo mjini kuna shule ya Kiingereza?" Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuuliza. Mtoto aliyesoma mchepuo wa Kiingereza Arusha au Mombasa, ukimfikiria amekaa darasani miezi sita haelewi anachoambiwa, roho inauma. Lakini familia ninazozijua zilizokwama hapa Ujerumani hazikukwamishwa na lugha. Mtoto wa miaka saba hukisema Kijerumani wakati baba yake bado anahangaika na kozi ya A2, ngazi ya pili kati ya sita za lugha (A1, A2, B1, B2, C1, C2). Waliokwama ni wale ambao mtoto aliingizwa kwenye aina ya shule isiyomfaa, barua zikaja, zikawekwa juu ya friji, na muda wa kupinga ukapita.

Kwa hiyo hapa nitazungumza kidogo kuhusu lugha na zaidi kuhusu nafasi: mtoto anawekwa wapi, nani anaamua, na wewe mzazi una sauti wakati gani. Majina ya Kijerumani nimeyaacha kama yalivyo, maana ndiyo utakayokutana nayo kwenye barua.

Hatua ya kwanza: jua mfumo kabla hujapanda ndege

Elimu ya Ujerumani iko mikononi mwa majimbo 16, na kila jimbo lina sheria yake, likizo zake na majina yake. Alichofanya shangazi yako aliyeko Bremen huenda hakifanyi kazi Stuttgart. Ukipewa ushauri wowote, na huu wangu ukiwemo, uulize kwanza: ni wa jimbo gani?

Yapo mambo yanayofanana kote. La kwanza ni Schulpflicht, yaani kila mtoto anayeishi nchini lazima aende shule. Ni miaka 9 au 10 ya shule ya kawaida, na baada ya hapo vijana wengi wanatakiwa kuendelea na shule ya ufundi mpaka wafike miaka 18 hivi. Kumsomesha mtoto nyumbani hakuruhusiwi, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi wa Kijerumani waliotaka kufanya hivyo. Kwa maana hiyo ule mpango wa "akae nyumbani mwaka mmoja kwanza, alainishe lugha" haupo. Wala kuendelea na masomo ya Kenya kwa njia ya mtandao hakumtoi kwenye wajibu huo.

La pili ni mgawanyo. Shule ya msingi, Grundschule, ni darasa la 1 mpaka la 4. Berlin na Brandenburg inakwenda mpaka la 6. Baada ya hapo watoto hugawanywa. Gymnasium ni njia ya moja kwa moja kuelekea Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu. Realschule ni ya kati. Hauptschule, ambayo Bavaria wanaiita Mittelschule, inaelekea zaidi kwenye mafunzo ya kazi. Halafu kuna shule zinazochanganya njia zote chini ya paa moja: Gesamtschule kwa majimbo mengi, Stadtteilschule kwa Hamburg, Integrierte Sekundarschule kwa Berlin. Hizi za mwisho zikumbuke, nitazirudia.

La tatu: shule za serikali hazina ada, na wanaosoma humo ni watoto wa kila aina ya familia, ya profesa na ya mfagizi. Fikra ya nyumbani kwamba mwenye uwezo hampeleki mwanawe shule ya serikali, iache uwanja wa ndege.

Hatua ya pili: makaratasi na chanjo

Beba cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule za miaka miwili au mitatu ya mwisho zenye muhuri, barua ya uhamisho, na kadi ya kliniki. Ripoti za Kiingereza mara nyingi zinapokelewa bila kutafsiriwa. Za Kiswahili zitahitaji mtafsiri aliyeapishwa, lakini usilipie tafsiri ya kila karatasi kabla shule haijakuambia inataka ipi.

Kadi ya kliniki ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayotafutwa kwa machozi baadaye. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria inamtaka kila mtoto wa chekechea na wa shule aoneshe kwamba ana kinga ya surua, na kwa kawaida hiyo ni dozi mbili. Tanzania na Kenya watoto huchanjwa surua na rubela wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18, kwa hiyo wengi wanazo zote mbili. Shida ni kwamba ushahidi umebaki kabatini kwa bibi. Daktari wa watoto wa hapa ataisoma kadi na kuihamishia kwenye kitabu cha njano cha chanjo. Chekechea inaweza kumkataa mtoto asiye na ushahidi. Shule ya lazima haiwezi kumkataa, ila idara ya afya itakufuata, na faini inaweza kufika euro 2,500.

Kabla ya safari kuna lugha kidogo inayofaa kuanzwa. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi, na Deutsche Welle ina kozi za bure mtandaoni. Kwa mtoto mdogo lakini, usihangaike na sarufi. Mfundishe kusema hajaelewa, kuomba kwenda chooni, kutaja jina lake na anapotoka. Na mfundishe namba kwa makini, kwa sababu Wajerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: 23 husomwa "tatu na ishirini". Mtoto hodari wa hesabu ataambiwa 23, ataandika 32, na mwalimu asiyemjua atafikiri hesabu hazijui. Hata mwandiko unaponza. Moja ya Kijerumani ina mkia mrefu unaopanda, kiasi kwamba kwa macho yetu ni saba. Saba yao ina kimstari katikati. Alama ya kuzidisha ni nukta, na desimali huandikwa kwa mkato: 3,5 badala ya 3.5. Kaa naye mezani wikiendi moja mkiyapitia hayo. Atavuna zaidi ya kozi ya mwezi.

Hatua ya tatu: umri wa mtoto ndio unaochagua njia

*Chini ya miaka 6.* Huyu ana bahati kuliko wote. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kupata nafasi ya kulelewa, kwenye chekechea ambayo kila mtu huiita Kita au kwa mlezi. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Nafasi yenyewe inatafutwa kwa jasho, hasa miji mikubwa. Jiandikishe sehemu nyingi, mara tu mkishapata anwani. Hamburg na Berlin utaomba kwanza hati ya kustahili, Kita-Gutschein, ndipo utafute chekechea. Mwaka mmoja wa Kita kabla ya darasa la kwanza unamfaa mtoto kuliko mwalimu yeyote wa tuisheni utakayemlipa.

*Miaka 6 mpaka 9.* Darasa la kwanza huanza kwa anayetimiza miaka 6 kabla ya tarehe fulani. Kwa Berlin na Nordrhein-Westfalen ni 30 Septemba. Mwaka wa shule huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo mtoto aliyefunga darasa la tatu Dodoma mwezi Desemba ataingia katikati ya mwaka wa wenzake. Hupangwa kwa umri zaidi kuliko kwa darasa aliloacha. Wadogo wa darasa la 1 na la 2 mara nyingi huingia moja kwa moja na Wajerumani wenzao, na hupewa saa za ziada za lugha; Berlin huo ndio utaratibu. Ni sawa kabisa, kwa sababu darasa zima ndiyo kwanza linajifunza kusoma. Shule nyingi zinaruhusu miaka miwili ya mwanzo isomwe kwa miaka mitatu. Ukishauriwa hivyo usione aibu. Huko si kufeli, na ule mwaka wa ziada huwa hauhesabiwi kwenye miaka ya lazima.

*Miaka 9 mpaka 12.* Hapa ndipo pagumu. Mtoto anafika darasa la 3 au la 4, na kabla lugha haijakaa mdomoni, walimu wanatakiwa kupendekeza aende shule ipi baada ya la 4. Pendekezo hilo huegemea alama, na alama zake za Kijerumani bado ni za mgeni. Mtoto aliyekuwa wa tatu kwa darasa zima kule Moshi anaandikiwa Hauptschule. Ndiyo maana kwa umri huu msimamo wangu ni mmoja: tafuta Gesamtschule au inayofanana nayo. Humo njia zote ziko wazi, hakuna anayeamua hatima ya mtoto akiwa na miaka 10, na akichanua atafanya Abitur hapohapo, kwa kawaida baada ya miaka 13 ya shule. Nafasi zake hugombewa, kwa hiyo nenda kwenye siku ya milango wazi, siku ambayo shule hupokea wazazi waje kuiona, na ambayo aghalabu hufanyika kati ya Novemba na Januari. Kama unahamia mji wenye wilaya nyingi, angalia shule hizi ziko wapi kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

*Miaka 13 mpaka 15.* Wengi watapelekwa kwenye darasa la lugha, ambalo nitalieleza hapa chini. Kwa umri huu Kiingereza ni mtaji. Ndiyo lugha ya kwanza ya kigeni kwa shule nyingi za Ujerumani, na mtoto wetu anaweza kuwa juu ya darasa zima katika somo hilo tangu siku ya kwanza. Mwombe mwalimu amruhusu kukaa kwenye vipindi vya Kiingereza, hesabu na michezo pamoja na darasa la kawaida hata kabla Kijerumani hakijakamilika. Aliyetoka shule ya serikali Tanzania ana uzoefu mwingine usioonekana kwenye ripoti: alisoma msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza akatupwa kwenye Kiingereza. Anajua maana ya kujifunza baiolojia na lugha yake kwa wakati mmoja. Mkumbushe hilo siku atakaporudi nyumbani amenuna.

*Miaka 16 na kuendelea.* Soma hapa taratibu, maana kuna kalenda inayokimbia. Kijana aliyetimiza miaka 16 asiyehamia pamoja na wazazi wake, bali anawafuata baadaye, hudaiwa Kijerumani cha kiwango cha C1, au athibitishe kwamba kwa elimu na maisha yake ataweza kuzoea mazingira ya hapa. Wenye Blue Card, kibali cha wataalamu wa kigeni, na vibali vingine kadhaa vya aina hiyo wamesamehewa sharti hilo. Akifikisha 18, mlango wa kumfuata mzazi kama mtoto unafungwa. Umri huangaliwa siku ombi linapowasilishwa, na miadi ya ubalozini hupatikana kwa kusubiri, kwa hiyo usianze kuhesabu mwezi wa siku yake ya kuzaliwa.

Sasa kuna mzazi mwenye kijana wa Kidato cha Nne aliyebakiza mwaka. Amtoe? Kama kibali cha mzazi kinaruhusu kumleta baadaye bila C1, namshauri amwache amalize na apate cheti chake. Kijana anayefika na cheti kamili ana kitu cha kupeleka kutambuliwa. Anayefika bila cheti anaanza kwenye sifuri ya makaratasi. Kama sheria hairuhusu, aje sasa. Wakifika, vijana hawa hupelekwa kwenye shule za ufundi zenye madarasa ya lugha: Internationale Förderklasse kwa Nordrhein-Westfalen, VABO kwa Baden-Württemberg, Berufsintegrationsklasse kwa Bavaria, ambayo hupokea vijana mpaka miaka 21. Kutoka hapo njia ya kawaida ni Ausbildung, mafunzo ya kazi yenye mshahara. Na aliyekosa kabisa njia ya kumfuata mzazi bado anaweza kuomba viza yake mwenyewe ya Ausbildung, ambayo kwa kawaida inadai B1.

Hatua ya nne: usajili

Mkishafika, sajilini makazi kwanza, ile Anmeldung ya manispaa. Bila anwani hakuna shule. Baada ya hapo, mlango wa kugonga unategemea mji. Kwa mtoto wa msingi, mara nyingi ni shule ya jirani. Kwa mkubwa zaidi, Berlin kuna Koordinierungsstelle ya wilaya yako. Hamburg ni Schulinformationszentrum. Nordrhein-Westfalen ni Kommunales Integrationszentrum, ambako watoto wetu huitwa Seiteneinsteiger. Hesse ni kituo cha mapokezi kilicho chini ya ofisi ya shule. Usikae ukisubiri barua. Nenda mwenyewe na ripoti mkononi.

Mtoto atapimwa afya, na kwa wakubwa kutakuwa na mazungumzo au jaribio fupi. Siku hiyo ndiyo siku ya kuzungumza. Waoneshe ripoti, na zieleze: kwamba alama 82 kwetu ni nzuri, kwamba alisoma fizikia, kwamba Kiswahili na Kiingereza anavisoma na kuviandika vyote viwili. Wajerumani hutoa alama 1 mpaka 6, na 1 ndiyo ya juu kabisa, kwa hiyo ripoti yenye nafasi darasani na wastani wa asilimia haimwambii ofisa kitu mpaka wewe useme. Omba mkalimani mapema, miji mingi inao. Mkalimani asiwe mtoto mwenyewe wala kaka yake. Si haki kumfanya mtoto atafsiri maneno yanayomhusu.

Kwenye fomu utaulizwa chakula na dini. Kama hamli nguruwe, andika hapo, jikoni wamezoea. Uliza pia habari ya malezi ya mchana, kwa sababu shule nyingi za msingi humaliza vipindi saa saba mchana au kabla, na mzazi mwenye kazi hujikuta hana pa kumweka mtoto. Kuanzia Agosti 2026 watoto wanaoanza darasa la kwanza wana haki kisheria ya nafasi ya siku nzima.

Hatua ya tano: darasa la lugha, na maswali ya kuuliza

Jina hubadilika: Willkommensklasse, Vorbereitungsklasse, IVK, Intensivklasse, Deutschklasse, Vorkurs. Kazi ni moja: kumpa mtoto Kijerumani cha kutosha aingie darasa la kawaida. Kwa kawaida humchukua mwaka mmoja, wakati mwingine mpaka miwili.

Darasa hili likiwa zuri ni neema. Lina watoto wachache, mwalimu anayejua kufundisha wageni, na wenzake ni Wasiria, Waukraine, Waafghani, wote hawajui, kwa hiyo hakuna anayechekwa. Likiwa baya linageuka chumba cha kusubiria, mtoto anakaa miaka miwili na wageni wenzake, hesabu zimesimama, rafiki Mjerumani hana hata mmoja. Tofauti utaijua kwa kuuliza haya siku ya kwanza. Darasa liko ndani ya shule ya aina gani? Atahudhuria vipindi gani na darasa la kawaida, na kuanzia lini? Hesabu anafundishwa na nani, kwa kiwango kipi? Nani anaamua kwamba yuko tayari kuhama, na kwa kigezo gani? Akihama, anabaki shule hii au anatafutiwa nyingine?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Bavaria, kwa mfano, Deutschklassen nyingi ziko kwenye Grundschule na Mittelschule, na mtoto akishaota mizizi mahali ni rahisi aachwe hapohapo. Hamburg kuna IVK ndani ya Gymnasium pia. Mtoto anayefanya vizuri na anayeandika kwa herufi za Kilatini, kama watoto wetu wote, asipangwe na wanaoanza kujifunza alfabeti. Likitokea, sema.

Na hizo shule za Kiingereza?

Zipo. Shule binafsi za kimataifa ziko karibu kila mji mkubwa, na ada yake kwa mtoto mmoja kwa mwaka huzidi euro 15,000 kwa nyingi. Kama mwajiri analipa na mnajua mnaondoka baada ya miaka miwili, mpelekeni bila wasiwasi wowote. Kama mnalipa wenyewe na mnakusudia kukaa, mimi nisingefanya hivyo. Mtoto atamaliza akiwa na Kiingereza alichokuja nacho na Kijerumani cha dukani, halafu atagombea nafasi ya kazi na waliokulia kwenye lugha.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambayo watu wetu wengi hawaijui: shule za serikali za lugha mbili. Berlin ina mtandao wa shule unaoitwa Staatliche Europa-Schule, ulioanza mwaka 1992, ambako nusu ya masomo ni kwa Kijerumani na nusu kwa lugha nyingine, Kiingereza kikiwemo. Ina pia Nelson-Mandela-Schule na John-F.-Kennedy-Schule, zote za serikali. Kwa familia za Bukavu, Goma au Bujumbura zenye watoto waliosoma kwa Kifaransa, kuna Französisches Gymnasium, iliyoanzishwa mwaka 1689, nayo ni ya serikali. Zina majaribio ya lugha na foleni ndefu, lakini ombi halina hasara. Miji mingine tafuta neno bilingual kwenye orodha ya shule za serikali.

Hatua ya sita: miezi ya kwanza darasani

Usishtuke mtoto akinyamaza. Wengi hukaa wiki au miezi wakisikiliza tu, kisha siku moja wanatoa sentensi nzima. Cha kushughulikia ni ukimya wa aina nyingine, ule wa adabu. Tumewalea wakae kimya mwalimu anapozungumza na wajibu wakiulizwa. Shule ya Ujerumani inahesabu kunyoosha mkono. Ushiriki wa mdomo unaweza kufika nusu ya alama kwenye masomo mengi, na mtoto anayepata 2 kwenye mtihani anashangaa ripoti imeandikwa 3 au 4. Mwambie waziwazi kwamba hapa kuuliza, hata kumpinga mwalimu kwa sababu, si utovu wa nidhamu. Mwekeeni lengo dogo: kila siku anyooshe mkono mara moja kwenye hesabu, kisha kwenye somo la pili.

Yako mambo madogo yanayomtambulisha mzazi mwenyeji na mgeni. Mtoto akiumwa, shule ipigiwe kabla ya kipindi cha kwanza. Daftari la taarifa lisomwe kila jioni na kusainiwa. Kwenye Elternabend, kikao cha wazazi, mwende hata kama hamwelewi nusu ya yanayosemwa. Mtakaa kwenye viti vidogo magoti yakigusa kidevu, mtajadili safari ya darasa kwa saa nzima, na mtatoka na namba ya simu ya mzazi mmoja atakayewatafsiria kila ujumbe wa kundi la WhatsApp. Na tiketi ya likizo ya kwenda Dar isiwe ya siku mbili kabla ya shule kufungwa kwa sababu ni nafuu. Ni kosa lenye faini, na Bavaria polisi hukagua watoto wa shule viwanja vya ndege.

Kuogelea ni somo, kwa kawaida karibu darasa la 3, wavulana na wasichana pamoja. Familia za pwani na za Kiislamu huuliza sana. Mahakama Kuu ya Utawala iliyopo Leipzig iliamua mwaka 2013 kwamba msichana wa Kiislamu anatakiwa kushiriki, na anaweza kuvaa vazi la kuogelea linalofunika mwili. Ukiomba asamehewe kabisa, uwezekano wa kukubaliwa ni mdogo. Nunua vazi, mtoto ajue kuogelea. Kwa wengi wetu tuliokulia kando ya bahari bila kufundishwa, si jambo baya.

Kama kipato ni kidogo, uliza kuhusu Bildung und Teilhabe, msaada wa elimu kwa watoto. Familia zinazopata misaada kama Kinderzuschlag (nyongeza ya watoto kwa wenye kipato kidogo) au Wohngeld (msaada wa kodi ya nyumba) hulipiwa vifaa vya shule, chakula cha mchana, safari za darasa na hata tuisheni pale ambapo shule inathibitisha kwamba inahitajika. Kabla ya kuomba msaada mwingine wowote, pata ushauri kuhusu kibali chako: Kindergeld, posho ya kila mwezi ya mtoto, na Kinderzuschlag haziharibu hoja ya kwamba unajitegemea, lakini si kila msaada uko hivyo.

Hatua ya saba: Kiswahili nyumbani

Mwalimu mmojawapo atakuambia, kwa nia njema, muongee Kijerumani nyumbani. Usikubali. Kijerumani chako cha A2 ndicho atakachokiiga, pamoja na makosa yake. Mtoto anayesimuliwa, anayebishana na anayesomewa kwa lugha ambayo mzazi anaimudu hubeba uwezo huo kwenda kwenye lugha mpya. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alieleza tangu mwaka 1979 tofauti kati ya lugha ya kuzungumza na lugha ya masomo. Ya kwanza mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili. Ya pili, ile ya kueleza jaribio la sayansi au kuandika hoja, huchukua miaka mitano mpaka saba.

Tofauti hiyo inawadanganya wazazi na walimu pia. Mtoto anapiga soga uwanjani kama mzaliwa, mwalimu anaona lugha imekwisha, saa za ziada zinakatwa, na darasa la 7 alama zinaanza kuporomoka bila mtu kujua kwa nini. Msaada wa lugha uendelee hata akishahamia darasa la kawaida. Uombe kwa maandishi.

Hatua ya nane: pale usipotakiwa kukubali

Ukiitwa shuleni ukaambiwa mtoto ana "mahitaji maalumu ya kujifunza", huenda ni kweli, na kama ni kweli msaada ni haki yake. Lakini uliza kwanza: alipimwa kwa lugha gani? Mtoto aliyefika juzi akipimwa akili kwa Kijerumani, kinachopimwa ni Kijerumani. Mwaka 2018 mahakama ya Köln iliamua kwamba jimbo la Nordrhein-Westfalen limlipe fidia kijana ambaye aliachwa miaka mingi kwenye shule ya watoto wenye ulemavu wa akili bila kupimwa upya. Alipopimwa mara ya kwanza alikuwa mtoto asiyejua Kijerumani. Dai kipimo kisichotegemea lugha, dai mkalimani, na usisaini kitu siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa pendekezo la baada ya darasa la 4. Majimbo mengi uamuzi wa mwisho ni wa mzazi. Mengine, kama Bavaria, yanafuata wastani wa alama, ingawa kuna mtihani au kipindi cha majaribio kwa anayetaka Gymnasium. Aliyekosa bado anaweza kuhama baadaye akiwa na alama nzuri, au kupata Mittlerer Schulabschluss, cheti cha kati cha baada ya darasa la 10, na kuendelea mpaka Abitur. Somo la lugha ya pili ya kigeni, ambalo huwatisha wanaochelewa, kwa shule nyingi linaweza kuanzwa upya darasa la 10 au 11.

Uamuzi wa ofisi ya shule huja kwa barua. Angalia ukurasa wa mwisho, sehemu yenye kichwa Rechtsbehelfsbelehrung: inasema unapinga wapi na ndani ya muda gani, kwa kawaida mwezi mmoja tangu barua ikufikie. Kama maelezo hayo hayamo, muda huwa mwaka mmoja. Andika barua fupi ya kwamba unapinga, weka tarehe, saini, ipeleke mwenyewe au kwa rejista, na ubaki na nakala. Sababu unaweza kuzileta baadaye ukishapata wa kukusaidia. Kinachotakiwa ndani ya muda ni ile karatasi ya kwanza.